Saratani: Uzazi wa mwanamke kijana hulindwa kabla ya dawa ya kwanza

WANAWAKE wa umri mdogo wanaopatikana na saratani nchini hujifunza msamiati mpya kwa siku chache: biopsi, hatua ya ugonjwa, mizunguko ya dawa, mionzi. Neno moja aghalabu halitajwi katika chumba cha daktari, nalo ni uzazi. Mgonjwa hulikumbuka miezi kadhaa baadaye, hedhi inapokatika ghafla akiwa na umri wa miaka 27 au 30, na anaporejea kuuliza, huelezwa kwamba hilo lilikuwa jambo la kutarajiwa.

Ukimya huo una sababu zake. Daktari ana foleni ndefu mlangoni, na aliyeketi mbele yake ni mtu ambaye uhai wake uko hatarini. Mgonjwa mwenyewe, akiwa bado hajaolewa na ameandamana na mamake au mjomba wake, huona haya kuuliza habari za kuzaa. Wengine hudhani kwamba mtu anayepigania maisha hana haki ya kuwazia watoto. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2006 chama cha wataalamu wa saratani nchini Marekani, American Society of Clinical Oncology, kina mwongozo unaomtaka daktari amweleze kila mgonjwa aliye katika umri wa kuzaa hatari inayoukabili uzazi wake, mapema iwezekanavyo. Mwongozo huo umefanyiwa marekebisho mara kadhaa lakini kiini chake hakijabadilika: mazungumzo yafanywe kabla ya dawa ya kwanza kuingia mshipani. Baada ya hapo, mengi ya yatakayoelezwa hapa chini huwa hayawezekani tena, au hufanyika kwa mafanikio haba.

Jambo lenyewe si la watu wachache. Kwa makadirio ya mwaka wa 2022 ya IARC, idara ya utafiti wa saratani katika Shirika la Afya Duniani, Kenya hupata zaidi ya wagonjwa wapya 44,000 wa saratani kwa mwaka. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza, kwa zaidi ya wagonjwa 7,000, ikifuatwa na ya mlango wa kizazi kwa zaidi ya 5,000. Sehemu kubwa ya wanawake hao hawajafikia umri wa kukoma hedhi, kwa kiasi fulani kwa sababu taifa lenyewe ni la vijana.

Akiba isiyoongezeka

Mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku. Mwanamke hakujaliwa hivyo. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na milioni mbili, na anapovunja ungo huwa amesalia na takriban 300,000 hadi 400,000. Kati ya hayo, yatakayopevuka na kutoka katika maisha yake yote ni kama 400 tu. Mengine hufa yenyewe kidogo kidogo hadi akiba inapokwisha akikaribia umri wa miaka 50. Tiba ya saratani huweza kuifupisha safari hiyo ya miaka mingi ikawa ya miezi michache.

Si dawa zote zilizo na makali sawa. Zinazoogopwa zaidi ni za kundi la siklofosfamidi, ambayo hutumika sana katika saratani ya matiti, kwani dawa hizi hushambulia hata mayai yaliyolala ambayo hayajaanza kukua. Sisplatini ina madhara ya kadiri. Methotreksati na vinkristini huzidhuru ovari kwa kiasi kidogo tu, na ndiyo sababu wanawake wengi waliotibiwa saratani inayozuka kutokana na mimba zabibu, koriokasinoma, kwa methotreksati pekee huja wakapata watoto kama kawaida. Vivyo hivyo, msichana mwenye limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, anaweza kupewa mchanganyiko wa dawa usiodhuru sana mayai, au mwingine mkali zaidi, kulingana na ukubwa wa ugonjwa. Kwa hiyo, swali la kwanza la kumuuliza daktari linahusu majina ya dawa zenyewe na jumla ya kiasi kitakachotumika.

Umri nao una uzito wake. Dawa ile ile iliyomwachia mwanamke wa miaka 25 akiba ya kumtosha miaka kadhaa yaweza kumfungia uzazi kabisa wa miaka 40. Tena kurudi kwa hedhi baada ya matibabu kumewapumbaza wengi. Hedhi huonyesha kwamba mayai bado yapo, lakini haisemi ni mangapi, na mwanamke anayengoja miaka kumi akiamini kwamba yu mzima kama zamani huenda akakuta mlango umefungwa akiwa na miaka 36. Kipimo cha damu cha homoni iitwayo AMH, kikisaidiwa na picha za altrasaundi, hutoa makadirio mazuri zaidi ya akiba iliyobaki.

Mionzi ni kali kupita dawa nyingi. Chini ya Gray 2, ambacho ni kipimo cha mionzi, yatosha kuua nusu ya mayai machanga yaliyomo katika ovari. Matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi huhitaji zaidi ya Gray 40 katika eneo lote la nyonga, na hapo hata mji wa mimba hukakamaa, ukashindwa kutanuka na kulea mimba.

Wiki mbili

Njia iliyozoeleka zaidi ya kulinda uzazi ni kugandisha mayai. Mwanamke hudungwa sindano za homoni kila siku kwa muda wa siku 10 hadi 14 ili mayai mengi yapevuke kwa pamoja, huku yakichunguzwa kwa altrasaundi. Kisha huvunwa kwa sindano ndefu inayopitishwa ukeni akiwa amepewa dawa ya usingizi, na siku hiyo hiyo huenda nyumbani. Mayai hugandishwa kwa kasi kubwa mno ili maji yaliyomo ndani yasifanye chembe za barafu zinazoweza kuyapasua, na kuhifadhiwa ndani ya nitrojeni majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Katika hali hiyo hayazeeki. Yai lililovunwa akiwa na miaka 26 litabaki la miaka 26 hata akilirudia akiwa na 38.

Historia ya fani hii si ya juzi. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka wa 1984, na miaka miwili baadaye ikaripotiwa huko huko mimba ya kwanza ya yai lililogandishwa kabla ya kurutubishwa. Hata hivyo, mayai yenyewe yaliendelea kuharibika kwa wingi maabarani hadi mbinu ya kugandisha kwa kasi ilipoenea, na ni mwaka wa 2012 tu ambapo chama cha wataalamu wa uzazi nchini Marekani kiliacha kuiita kazi hiyo majaribio. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa kutungishwa nje ya mwili mwaka wa 2006, jijini Nairobi, chini ya Dkt Joshua Noreh. Kliniki za aina hiyo zimeongezeka tangu wakati huo, nyingi zikiwa papo hapo Nairobi.

Zamani mgonjwa alilazimika kungoja hedhi ndipo sindano zianze, na kungoja huko kuliwafanya madaktari wa saratani kukataa. Siku hizi sindano huanza siku yoyote ya mwezi. Kwa mwenye saratani ya matiti inayochochewa na estrojeni, kuna hofu ya haki kwamba homoni zitaulisha uvimbe; kwa hiyo hupewa letrozoli sambamba na sindano ili kiwango cha estrojeni kisipande sana. Wiki mbili hizo mara nyingi hupatikana bila kuchelewesha chochote, kwa sababu mwenye saratani ya matiti huwa bado anasubiri majibu ya maabara au anapona kidonda cha upasuaji. Wapo wasioweza kungoja. Mwenye lukemia kali, au mwenye uvimbe unaobana koo na mapafu, huanzishiwa tiba leo, na hakuna mtaalamu mwaminifu atakayemshauri vingine.

Aidha, kugandisha mayai si kuweka mtoto benki. Baadhi hufa yanapoyeyushwa, baadhi hukataa kurutubishwa, na viinitete vingine havishiki katika mji wa mimba. Mwanamke wa chini ya miaka 35 huhitaji mayai kumi au zaidi ili awe na matumaini ya maana, ilhali mgonjwa wa saratani kwa kawaida hupata nafasi ya kuvuna mara moja tu.

Mayai au viinitete?

Mwenye mume huweza kushauriwa kurutubisha mayai kwanza na kugandisha viinitete. Ushauri huo una mantiki ya kitabibu, lakini kuna kesi moja ambayo kila mwanamke anayetia saini fomu hiyo angepaswa kusimuliwa. Mwaka wa 2001, Mwingereza Natallie Evans aligunduliwa kuwa na uvimbe katika ovari zote mbili ambao ungegeuka saratani. Aliuliza iwapo angeweza kugandisha mayai peke yake, akaelezwa kuwa kliniki hiyo haitoi huduma hiyo. Viinitete sita viligandishwa kwa mbegu za mchumba wake, ovari zikatolewa. Mwaka uliofuata uchumba ulivunjika, naye mwanamume akaondoa idhini yake, jambo ambalo sheria ya Uingereza ilimruhusu. Evans alishindwa katika mahakama za nchi yake, na Aprili 2007 Mahakama ya Haki za Kibinadamu ya Ulaya ikamkatalia kwa kura 13 dhidi ya nne. Viinitete hivyo vilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kuzaa mtoto wa damu yake.

Mayai yasiyorutubishwa ni ya mwanamke peke yake. Kwa asiyeolewa, na hata kwa aliyeolewa ambaye ndoa yake haijatulia, tofauti hiyo si ndogo. Dini nazo zina neno: Kanisa Katoliki halikubali urutubishaji wa nje ya mwili, na wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu viinitete vitumiwe na mume na mke walio katika ndoa tu, si baada ya talaka au kifo. Nchini Kenya, Mbunge wa Suba Kaskazini, Bi Millie Odhiambo, aliwasilisha mswada wa kusimamia teknolojia hizi zaidi ya mara moja tangu miaka ya 2010. Kwa miaka hiyo yote kliniki na wagonjwa walitegemea mikataba waliyotiliana saini, ambayo wengi huitia saini bila kuisoma.

Kipande cha ovari

Msichana ambaye hajavunja ungo hana yai la kuvunwa. Kwake, na kwa mwanamke asiye na wiki mbili za kusubiri, njia iliyopo ni kutoa ovari moja au sehemu yake kupitia tundu dogo tumboni, kuikata vipande vyembamba na kuvigandisha. Akishapona, vipande hurejeshwa nyongani, na baada ya miezi minne au mitano huanza kutoa homoni na kupevusha mayai. Wengi hutunga mimba kwa njia ya kawaida.

Mtoto wa kwanza wa mbinu hii alizaliwa mjini Brussels, Ubelgiji, mwaka wa 2004, chini ya Profesa Jacques Donnez. Mamake alikuwa ametolewa kipande hicho mwaka wa 1997 kabla ya kutibiwa limfoma ya Hodgkin. Tangu hapo watoto zaidi ya 200 wamezaliwa duniani. Mmoja wao anastahili kutajwa hapa Afrika kuliko wote. Mamake alizaliwa katika Jamhuri ya Congo akiwa na ugonjwa wa seli mundu, akahamia Ubelgiji akiwa na miaka 11. Kabla hajafika miaka 14, na kabla ya hedhi yake ya kwanza, madaktari walihifadhi ovari yake ndipo wakampa dawa kali za kumtayarisha kupokea uboho kutoka kwa kakake. Alijifungua mtoto wa kiume mwaka wa 2014 akiwa na umri wa miaka 27. Ugonjwa wake haukuwa saratani, lakini dawa zilizohatarisha mayai yake ni za jamii ile ile.

Mbinu hii ina tahadhari yake. Katika lukemia, chembe za saratani huweza kujificha ndani ya kipande na kurudishwa mwilini pamoja nacho, kwa hiyo wataalamu wengi husita kukipandikiza.

Huduma hii huhitaji maabara yenye ujuzi, na hapo ndipo mfano wa Denmark unapofaa kutazamwa. Huko mgonjwa hasafiri. Hufanyiwa upasuaji katika hospitali ya karibu naye, nayo ovari hutiwa katika kioevu maalumu juu ya barafu na kupelekwa Copenhagen kwa safari ya saa nne au tano, ambako maabara moja hugandisha kwa niaba ya nchi. Ujerumani huzisafirisha hata usiku kucha. Kenya imefungua vituo vya saratani nje ya Nairobi, vikiwemo vya Mombasa, Nakuru na Garissa. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 370. Safari hiyo ndiyo inayomshinda mgonjwa aliyekwisha kuuza mbuzi ili alipie dawa, wala si lazima aifanye yeye.

Gharama

Mzunguko mmoja wa kuvuna na kugandisha mayai nchini hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na ada ya kuhifadhi hulipwa kila mwaka. Fedha za bima ya umma, iliyokuwa NHIF kabla ya SHA kuchukua nafasi yake Oktoba 2024, zimelenga kemotherapi, mionzi na upasuaji, na hata hizo huisha kabla ya matibabu. Familia nyingi zitaona kugandisha mayai kuwa ni ndoto ya matajiri, na si rahisi kuzilaumu.

Lakini zipo hatua za gharama nafuu zaidi ambazo nazo hupuuzwa. Mojawapo ni sindano ya goserelini, ambayo pia hutumiwa kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya wiki nne, kuanzia wiki moja hivi kabla ya kemotherapi, ili kuzilaza ovari wakati dawa zinapofanya kazi. Utafiti uitwao POEMS, uliochapishwa mwaka wa 2015 kuhusu wanawake wenye saratani ya matiti isiyotegemea homoni, uligundua kwamba waliodungwa walipoteza uwezo wa ovari kwa kiwango cha chini, na wengi zaidi wakapata mimba. Sindano hii haichukui mahali pa mayai yaliyogandishwa. Kwa asiye na uwezo wa kuyagandisha, hata hivyo, ni afadhali kuliko kuachwa mikono mitupu.

Hatua nyingine ni ya daktari wa upasuaji. Kabla ya mionzi ya nyonga, ovari huweza kuhamishwa na kushikizwa juu zaidi tumboni, mbali na njia ya miale. Katika uvimbe wa ovari unaowapata wasichana, mara nyingi inatosha kutoa ovari moja na kuuacha mji wa mimba na ovari ya pili.

Mlango wa kizazi

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, ukweli ni mchungu na haufai kupakwa asali. Mfaransa Daniel Dargent alianzisha mjini Lyon, mwaka wa 1987, upasuaji wa kuondoa mlango wa kizazi pekee na kuuacha mji wa mimba, na wanawake wengi wamezaa baada yake. Upasuaji huo hufaa uvimbe mdogo, kwa kawaida usiozidi sentimita mbili. Wagonjwa wengi nchini hufika hospitalini uvimbe ukiwa umekwisha kuenea, na tiba inayobaki ni mionzi pamoja na sisplatini. Kwao, hata mayai yakigandishwa, hakutakuwa na mji wa mimba wa kuyapokea.

Kwa aina hii ya saratani, basi, uzazi huokolewa miaka kadhaa kabla ya ugonjwa, kwenye zahanati. Mabadiliko yanayotangulia saratani huonekana kwa kipimo cha virusi vya HPV au hata kwa kupaka siki, na huondolewa kwa baridi kali, joto au kijikato kidogo, mwanamke akaenda nyumbani na kizazi chake. Wanaoishi na virusi vya HIV wako katika hatari mara sita zaidi, nao hupaswa kupimwa mara nyingi kuliko wengine. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka kumi nchini Oktoba 2019.

Baada ya matibabu

Aliyepona saratani ya matiti kwa muda mrefu alionywa asithubutu kushika mimba. Hofu hiyo imepungua. Wenye uvimbe unaotegemea homoni hutakiwa kumeza tamoksifeni au dawa kama hiyo kwa miaka mitano hadi kumi, na miaka hiyo ndiyo inayomaliza umri wa kuzaa. Utafiti wa POSITIVE, uliochapishwa mwaka wa 2023, uliwafuatilia wanawake 516 wasiozidi miaka 42 waliosimamisha dawa hizo, baada ya kuzitumia kwa miezi 18 hadi 30, ili wajaribu kuzaa. Miaka mitatu baadaye, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 8.9 yao, dhidi ya asilimia 9.2 ya kundi lililolinganishwa nao ambalo halikukatiza dawa. Wanawake 317 walijifungua angalau mtoto mmoja hai. Matokeo ya miaka mingi zaidi bado yanafuatiliwa, na wanaoshiriki hutakiwa kuzirejelea dawa zao baada ya uzazi.

Wakati wa kemotherapi yenyewe, mwanamke anapaswa kupanga uzazi hata kama haoni hedhi, kwa kuwa yai laweza kupevuka bila dalili na dawa zikamdhuru mtoto tumboni. Mwenye saratani ya matiti kwa kawaida hushauriwa kutumia kitanzi kisicho na homoni au mipira ya kondomu. Matibabu yakiisha, wengi huelekezwa kungoja kati ya miezi sita na miaka miwili, na tamoksifeni huachwa miezi mitatu kabla ya kujaribu. Aliyepewa doksorubisini hupimwa moyo kwanza, kwani dawa hiyo huweza kuudhoofisha na mimba huuongezea kazi.